Turudishieni Alhamisi yetu: barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya mji wetu

Kwa Baba Maaskofu, Mapadre, Wachungaji, Wainjilisti, Makatekista na Wazee wa Makanisa,
Mkoa wa Kagera.

21 Novemba 2025

YAH: KATAZO LA SALA YA PAMOJA NA KUPOA KWA MAKANISA YETU

Waheshimiwa baba zetu katika imani,

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Naanza na salamu zote mbili kwa sababu nyumbani kwangu zote mbili zinatumika. Mimi nimelelewa na ya kwanza, mke wangu na ya pili, na kwa miaka ishirini na saba tumeitikiana bila ugomvi.

Sikupenda kuandika hadharani. Nimefundishwa tangu utoto kwamba ya kanisa husemwa kanisani. Barua ya kwanza kuhusu katazo la sala yetu ya Alhamisi niliiandika mwezi wa Mei, nikaipeleka kwa mkono katika ofisi zenu tatu, na kila mahali nikasaini daftari. Ya pili niliileta Julai. Agosti tulikuja watu saba, wanawake wanne na wanaume watatu. Katika ofisi moja tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, ndipo tukaambiwa mzee amepata safari. Ofisi nyingine ilitupokea vizuri, tukanyweshwa chai, tukaahidiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Ya tatu haikutufungulia. Bwana alisema ndugu yako akikukosea mwendee, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asipowasikia hao, liambie kanisa. Hatua mbili za kwanza tumezimaliza, baba zangu. Hii ni ya tatu.

Kwa wasioijua habari hii, naomba niieleze ilivyoanza.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, nilikuwa nageuza kahawa kwenye mkeka pale tetemeko lilipopita. Ukuta wa jikoni ulilala chini wote. Watu walikufa katika mkoa wetu, nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka, na usiku ule karibu kila mtu wa mtaa wetu alilala nje. Sisi tulikusanyika kwenye uwanja wa mpira, tukatandika mikeka na majani ya migomba. Kwenye saa nne usiku ardhi ikatikisika tena kidogo, watoto wakaanza kulia. Mama mmoja wa kanisa la mlimani akaanza Baba Yetu kwa sauti. Wengine wakaipokea. Yeye alisema "ufalme wako ufike", sisi wa kanisa la barabarani tukasema "ufalme wako uje". Yeye akasema "mkate wetu wa kila siku", sisi tukasema "riziki yetu". Tulipishana, tukanyamaza, tukasubiriana, tukaendelea hadi Amina. Nimesali sala hiyo maisha yangu yote, na sijawahi kuisikia kama nilivyoisikia usiku ule.

Wiki iliyofuata tulikutana tena, siku ya Alhamisi. Na iliyofuata. Hivyo ndivyo ilivyoanza sala ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nyumba kwa nyumba, watu wa makanisa matatu: la mlimani, la barabarani na la sokoni. Hatukuwa na jina, hatukuwa na mwenyekiti wala muhuri, na hatukuchangisha hata shilingi. Tulisoma Neno, tuliomba, na mtu aliyekuwa na jambo moyoni alilisema. Siku moja mzee mmoja alisimama, kofia mkononi, akasema kwamba mwaka 2001 alisogeza mpaka wa kibanja cha shemeji yake hatua nne. Shemeji mwenyewe alikuwa ameketi pale. Asubuhi yake tuliwakuta wote wawili na majembe, wanang'oa mimea ya mpaka na kuirudisha ilipokuwa. Kesi hiyo ilikuwa imepita kwa mwenyekiti wa kijiji, ikapita baraza la kata, ikashindikana.

Jumapili ya pili baada ya Pasaka mwaka huu likasomwa tangazo katika kanisa la mlimani. Wiki iliyofuata likasomwa barabarani, kisha sokoni. Maneno yalitofautiana, agizo lilikuwa moja: muumini atakayeonekana kwenye sala ya Alhamisi hatapata huduma ya kanisa. Hatabatiziwa mtoto, hatafungishwa ndoa, hatazikwa. Nililia siku ile, nawaambia ukweli. Kwa miaka yote tumewaomba mkubaliane jambo moja pamoja, na mlipokubaliana ilikuwa kutuzuia tusiombe pamoja.

Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Mmekataza kile ambacho makanisa yenu yenyewe yanakiruhusu.

Leo imetimia miaka 61 tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, utoe hati yake juu ya umoja wa Wakristo, tarehe 21 Novemba 1964. Hati ile inasema kwamba katika nafasi maalumu, kama sala za kuombea umoja, Wakatoliki kusali pamoja na ndugu waliotengana nao ni halali, tena ni jambo la kutamaniwa. Najua vilevile kwamba utekelezaji wake unaachwa kwa busara ya askofu wa mahali. Ndiyo maana sijaandika Roma, nawaandikia ninyi. Kwa upande wa pili, tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia saini mjini Augsburg tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, jambo lilelile lililowatenganisha tangu siku za Martin Luther.

Na haya hayako mbali nasi. Mwafrika mweusi wa kwanza kufanywa Kardinali, mwaka 1960, ni Laurean Rugambwa. Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, mwaka 1977, ni Askofu Josiah Kibira. Wote wawili ni wana wa Kagera. Wa kwanza alikuwa Askofu wa Bukoba siku zile za Mtaguso, na alihudhuria. Wa pili alikuwa mtu wa uamsho, ile harakati ya toba na kuungama iliyotufikia kutoka Rwanda na Uganda, na aliona faida yake na matatizo yake. Mkoa uliowatoa watu hawa, leo mama mjane anaogopa kuinamisha kichwa sebuleni kwa jirani yake.

Sisi hatukugusa sakramenti. Hatukumega mkate, hatukubatiza mtu, na hatukumwambia yeyote ahame kwao. Tulisoma na kuomba.

2. Mazishi.

Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa kuwa ndipo panapouma zaidi.

Mwezi wa Juni alifariki mwenzetu mmoja, fundi seremala. Alikuwa wa kanisa moja, mkewe wa lingine. Kaburi lilichimbwa kibanjani mapema asubuhi, mazishi yakatangazwa kuwa saa saba. Saa saba ikafika, kiongozi wa ibada hajafika. Wakatumwa vijana na pikipiki. Wakarudi na jibu kwamba marehemu anadaiwa bahasha za miaka miwili na ahadi ya ujenzi, na tena jina lake liko kwenye orodha ya watu wa Alhamisi. Ndugu wakaanza kuchangishana palepale, kofia ikapita kwenye mabenchi, wakati jeneza liko barazani na shuka jeupe juu yake. Mjane akaomba mchungaji wa kanisa lake aje aseme sala tu, asiongoze ibada. Akajibiwa kwamba hawezi kuingilia maiti ya kanisa jingine. Saa kumi mvua ikaanza kunyesha. Mtoto mkubwa wa marehemu, wa darasa la saba, alisimama pembeni ya kaburi ameshika chepe, na kila pikipiki ilipopita barabarani aligeuka kuangalia.

Tulimzika saa kumi na moja na nusu. Sala niliiongoza mimi, ambaye sina daraja lolote, kwa sababu hakuwapo mwingine. Jeneza lile alilitengeneza mwenyewe miaka mitatu nyuma, akiwa mgonjwa, ili asiwasumbue watu.

Nayasema haya nikijua wengine wenu hamkupata habari. Sasa mmezipata.

3. Ndoa na watoto.

Familia za mchanganyiko ni nyingi mno katika mji huu, na hamna neno la kuziambia isipokuwa "chagueni". Binti yangu wa mwisho aliniuliza, katika ile ibada ya Jumapili tunayogawanyika mlangoni, kwamba Yesu anakwenda na nani. Nilimjibu, lakini jibu langu halikumtosha.

4. Ubaridi.

Katika matangazo ya Jumapili iliyopita nilihesabu: tulitumia dakika arobaini kwa michango, mnada wa mkungu wa ndizi na kuku, bahasha za jengo na ripoti ya ahadi. Mahubiri yalichukua kumi na tano. Sipingi michango. Kanisa halijengwi kwa upepo, na mimi mwenyewe nimebeba matofali. Nasema tu kwamba mtu aliyekuja na mzigo wa dhambi au wa ugomvi wa nyumbani anatoka nao vilevile, ameongezewa na bahasha.

Wazee wetu waliwahi kuuona ubaridi huu wakausema. Septemba 1929, pale Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wakakaa wakisoma Biblia na kuomba, mzungu na mwafrika, katika siku zile za ukoloni. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Januari 1936 alikuja Kampala akiwa na hoja tatu za kuipa sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa: kwa nini kanisa limepoa na kufa; kwa nini watu wanaojulikana kuishi dhambini wanaachwa waje kwenye Meza ya Bwana; na kifanyike nini ili uhai urudi. Aliugua, akafariki mwezi huohuo. Neno aliloliacha ni la Kiganda, Zukuka, yaani Amka. Moto ule wa uamsho ulivuka mpaka kabla ya muongo ule kwisha, ukapita Katoke, ukafika Bukoba, na bibi yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa walioungama mbele ya watu na kurudisha vitu vya wizi. Kwa bibi yangu ilikuwa sufuria moja.

Namtaja Kigozi kwa sababu hakuwatoroka viongozi wake aanzishe kanisa lake. Aliwapelekea hoja. Nasi tunafanya hivyohivyo.

5. Vijana wanaondoka.

Wanakwenda kwenye mahema ya mafuta, maji na vitambaa, wanauza simu ili wapate "mbegu" ya kupanda. Mnawalaumu kutoka mimbarini. Wengi wao walikuwa Alhamisi kabla hamjaifunga.

Najua baadhi ya majibu yenu, maana nimeyasikia kwenye benchi.

Mtasema mafundisho yetu hayafanani. Ni kweli, na sitaki kuyafanya madogo. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, kutafuta ushirikiano. Mkutano ulipokwisha, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia, aliandika barua ya wazi na kuwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Nimesoma habari zake mara nyingi, na namheshimu, kwa kuwa alipigania alichokiamini. Ila hakuishia kwenye mashtaka. Mwaka 1918 ulipoitishwa mkutano wa pili wa Kikuyu alisafiri akaketi nao, na msimamo wake juu ya uaskofu hakuuacha. Mwaka 1920, maaskofu wa Kianglikana walipotoa kutoka Lambeth, mkutano wao mkuu kule Uingereza, wito wa umoja kwa Wakristo wote, naye aliuunga mkono. Kama yeye aliweza kuketi na watu aliowaita wazushi, ninyi mnaotofautiana kwa machache kuliko hayo hamwezi kuketi sebuleni kwa saa moja?

Mtasema tutaibiana waumini. Katika karibu miaka tisa ya Alhamisi, aliyehama kanisa ni mmoja, na alihama kwa sababu ya ndoa. Daftari za kanisa mnazo, angalieni.

Mtasema uamsho huleta mgawanyiko. Hili nalikubali kwa sehemu, na wanauamsho wenzangu wanivumilie. Kule Nyanza, nchini Kenya, mvutano ndani ya uamsho ulikua hadi mwaka 1957 kundi la Johera likatoka katika Kanisa la Kianglikana na kuunda kanisa lake. Hata kwetu Kagera wako ndugu waliojiona wao tu ndio waliookoka, wakawakataa mama zao. Huo ulikuwa ugonjwa, na tunautubia. Lakini ugonjwa ule ulikua watu walipojifungia na wa aina yao peke yao. Alhamisi, mama mmoja wa rozari aliponiuliza kwa upole kwa nini ninamsema mke wangu vibaya mbele za watu, sikuwa na pa kujificha.

Na mtasema kila mtu asali kwao, amani si ipo? Hapo ndipo ninapoogopa. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na nne. Wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Nilikwenda kambi ya wakimbizi ya Benaco na kundi la vijana wa kanisa kusaidia kugawa maji. Kabla ya hapo mto Kagera ulikuwa umeshaleta maiti, na wavuvi waliziona hadi ziwani. Rwanda ndiyo nchi ya Gahini. Ilijaa makanisa, na watu waliuawa ndani ya makanisa hayohayo, Ntarama, Nyamata, Nyange, wakiuawa na watu waliobatizwa kama wao. Wapo wanauamsho waliowaficha majirani wakafa nao, na kumbukumbu yao ni ya heshima. Lakini wengi walikuwa wamezoea kusali kila mmoja na wake, na viongozi wengi walikuwa karibu mno na wakubwa wa serikali kiasi cha kushindwa kusema. Mama mmoja pale Benaco alikuwa amekunja cheti chake cha ubatizo ndani ya kitenge. Alinionyesha bila kusema neno. Tangu siku ile nikimsikia mtu anasema kila mtu asali kwao, namkumbuka yule mama.

Sasa ombi letu.

Tunaomba tangazo la katazo lifutwe palepale liliposomwa, mimbarini, kabla ya Majilio kwisha. Likifutwa kwa kunong'ona halitawafikia waliolisikia.

Tunaomba makubaliano ya maandishi juu ya mazishi, yenye mambo mawili tu: maiti isicheleweshwe kwa ajili ya deni lolote, na pale ambapo familia ni ya mchanganyiko, kanisa la marehemu liongoze na kanisa la wafiwa lipewe nafasi ya sala na wimbo. Mjane wa yule fundi aitwe, aombwe radhi, na ofisi zote tatu ziwepo.

Tunawaomba ninyi wenyewe mkutane. Mji mzima unajua kwamba wawili wenu hawajasalimiana tangu mgogoro wa kiwanja cha shule. Wanauamsho wa zamani waliita kutembea nuruni: mtu anamwendea mwenzake, anataja kosa lake mwenyewe kwanza, si la mwenzake. Mkifanya hivyo, hata kama hakuna atakayejua mlichosema, sisi tutaona kwa macho yenu Jumapili.

Na la mwisho. Wiki ya kuwaombea Wakristo umoja, iliyoanza mwaka 1908 na sasa inaadhimishwa duniani, itakuwa tarehe 18 hadi 25 Januari. Ndani yake iko Alhamisi, tarehe 22. Tunawaalika siku hiyo, saa kumi na moja jioni, kwenye uwanja wa mpira tuliolala mwaka 2016. Hakutakuwa na jukwaa wala viti vya wageni rasmi, na hakutakuwa na sadaka. Mikeka tutaleta sisi. Mama yule wa kanisa la mlimani bado yuko hai, ana miaka themanini na moja, na amekubali kuianzisha Baba Yetu. Tukifika kwenye mkate na riziki tutasubiriana.

Wenu katika Kristo,

Mzee wa kanisa la barabarani,
kwa niaba ya watu wa Alhamisi